Samaki Haiko mu Kontra

Bibi yangu mpendwa Solange,

Siku Mungu aligawa bahati, wengine walikuwa bado wanatafuta viatu. Mimi nilikuwa nimeshasimama mbele ya mustari na kitunga mkononi. Ninakuandikia nikiwa mtu wa bahati kupita wote hapa Bunia, na kama kuko mwingine, aje tupimane. Sine Bulaya, nyumba yetu ya filimu, inajaa mpaka mlango haufungiki. Watu wanasimama inje, wanashikilia madirisha, picha hawaioni, wanasikiliza sauti yangu tu na bado wanacheka mpaka machozi. Nimenunua televizio mpya, pana kama kitanda cha bibi harusi. Patron wa sine ananisalimia yeye wa kwanza. Wamotari, wale wa pikipiki, wakinibeba hawaniombi kitu, wanasema, "Professeur, tuambie tu kipande kimoja mbele ya kufika." Na kwa sauti za wanawake wa kwenye filimu usipate wasiwasi: nimepata msichana mmoja toka Butembo, sauti yake ni asali inayoshuka juu ya mukate. Unaona? Bwana yako haanguki. Bwana yako ni paka, ukimtupa kutoka paa la kanisa anafika chini kwa miguu.

Barua hii haina bahasha, na sababu yake ni Kasereka, yule dereva wa lori anayepeleka chumvi na sabuni mpaka Niania. Weye unamjua Kasereka. Ukimpa barua iliyofungwa atateseka nayo kama mwenye njaa mbele ya chungu kilichofunikwa. Kwa hiyo nilimwambia, "Chukua, hii iko wazi."

Akauliza, "Wazi namna gani?"

"Wazi ya kila mutu."

"Basi ntaisoma pole pole," akasema. "Barabara iko murefu, na matope haina haraka."

Ndiyo kusema kila mtu atakayekwama kati ya Komanda na Niania ataisoma kabla yako. Nawasalimia wote. Sukumeni lori, ndugu zangu, musilale juu ya barua ya mwanamke wa watu.

Sasa tuingie ndani. Weye uliniuliza neno moja kwa simu ya kaka yako Deo. Ulisema, "Deo iko na kiwanja kando ya barabara, anataka kunipatia. Nijenge huku, ao nirudie? Sema weye." Na mimi nilijibu nini? Nilijibu kwamba sali ya sine imejaa, publiki inapiga makelele, nitakuita nikimaliza. Kisha ukasema, "Basi, muzuri." Ile "muzuri" yako ninaijua. Ni ile ile uliyokuwa unampa mtu aliyekukaribisha sombe, majani ya muhogo, yenye mchanga.

Deo anangoja jibu kabla mvua haijaanza, na jibu liko kwangu. Nimeketi kulitafuta. Lakini niruhusu kwanza tukumbuke pamoja, kwani mtu anayejibu bila kukumbuka anajibu kama karani wa ofisi.

Unakumbuka ile filimu ya petroli?

Watu wa Bunia wanajua kazi yetu, ila huko matopeni pengine kuko mgeni, nimfahamishe. Filimu inafika hapa ikisema Kiingereza, ao Kichina, ao lugha ya watu tusiowajua. Publiki yetu, watazamaji, inataka Kiswahili. Basi mtu mmoja anakaa kando ya televizio na mikro ya kusemea, anaishusha sauti ya filimu, na anasema yeye kwa nafasi ya wote: polisi, mwizi, hata mbwa wa polisi. Huyo mtu ni mimi. Masomo yangu yaliishia pale mimi na mwalimu wa hesabu tulipokosa kupatana juu ya hesabu, lakini Kiingereza nilikipata mwenyewe, kwenye mlango wa kambi ya askari wa amani, wale wa kofia ya bluu, nikiuza kadi za simu. Kilikuwa Kiingereza cha kusalimia, kuagana, na majina ya biskuti. Kwa filimu za ngumi kilitosha sana. Mtu akipigwa, analia. Nani anaomba tafsiri?

Kisha ikaja hii. Disiki haikuwa na kifuniko, mwenye kuiuza aliniapia, "Professeur, hii iko na vita mingi." Uongo mtupu. Ilikuwa filimu ya watu wanaokaa. Wanakaa kwenye ofisi, wanasimama, wanashikana mikono, wanakaa kwenye gari. Muzungu mmoja anasema na simu, anaikata. Mwingine anaipokea katika nchi nyingine, anakunja uso. Halafu mchanga, mabomba, mchanga tena. Mimi jasho lilikuwa linashuka mpaka kwenye mikro. Nilizigeuza zile simu zote kuwa ugomvi wa shemeji juu ya mbuzi, lakini mbuzi hakuonekana, na watu si wajinga.

Motari mmoja akapaza sauti: "Professeur, banapigana lini?"

"Ngoja, ndugu. Iko inachemuka."

"Toka mwanzo inachemuka! Ni maharagi?"

Sali yote ikacheka, na wengine wakaanza kutafuta viatu. Hapo yule muzungu akafungua karta, yaani ramani, juu ya meza. Katikati ya karta kulikuwa maji, marefu, yamelala upande kama kiazi kitamu. Mdomo wangu ukatangulia kichwa, kama kawaida yake. Nikasema: "Mabwana na mabibi, hii ndio ziwa yetu. Na kidole yake, muangalie vizuri, iko juu ya Tchomia."

Solange, benchi zote zikasogea mbele. Hata ile mashini ya umeme inje ilikuwa kama imeshusha sauti. Kwa maana wakati ule nani hakuwa amesikia kwamba chini ya ziwa kuko petroli? Ng'ambo ya ziwa walikuwa wamekwisha kuanza kuitafuta, na upande wetu magari meupe yalikuwa yanapita, watu wenye kofia ngumu wanashuka, wanaangalia maji, wanaandika, wanapanda tena. Na katika sali ile kila mtu alikuwa na shangazi kule Tchomia, ao pirogi ya kuvulia, ao shamba la muhogo. Wale waliokuwa wamevaa viatu wakavivua.

Toka siku ile watu wanaokaa wakawa watu wetu. Yule wa simu tukamwita Muzungu wa Simu. Waziri wa nchi, mtu wa tai nyekundu shingoni, tukamwita Bwana Tai. Alitaka kuuza petroli yake kwa wanunuzi wengine, na ile nchi kubwa ya Muzungu wa Simu ikakasirika, na wote wanaitana "rafiki yangu" huku wanachimbiana shimo. Na kulikuwa yule kijana wa kofia ya manjano aliyefukuzwa kazi kwenye visima, anatembea tembea bila kula, mpaka wanakuja watu wapole wenye mukate na maneno matamu, wanamkaribisha kwao. Mwisho anawasha moto kwenye gati la meli, yeye mwenyewe ndani yake, na Bwana Tai naye anapigwa kombora toka angani, na hakuna anayeonekana aliyepiga. Hiyo ndiyo habari niliyosema mimi. Kama ndiyo waliyosema wao, mpaka leo siwezi kuapa. Mwanafunzi mmoja wa iniversite, Kiingereza kimemjaa mpaka kwenye meno, aliingia siku moja akaangalia mpaka mwisho. Mimi nikangoja aibu yangu. Alipotoka alinigusa bega tu: "Professeur, maneno umekosa yote. Habari ni yenyewe."

Lakini hayo yote yalikuwa nusu ya filimu. Nusu nyingine ulikuja nayo weye.

Ulikuwa unakaa nyuma kabisa, na sinia yako ya karanga, karibu na mlango. Mimi nilikuwa nakujua kama mtu anavyojua nguzo. Siku moja tulifika pahali Bwana Tai na Muzungu wa Simu wanavutana ofisini, mwanamke anaingia na chai. Anaweka vikombe, anafungua mdomo, anasema neno. Na mimi ndipo nilikuwa nakunywa maji. Sauti ikatoka nyuma, ya polepole, kama ya mtu mwenye kazi zake:

"Chai yenu iko inapoa, na inchi yenu pia."

Maji yalinipita puani. Watu walikuwa wameanguka juu ya benchi kwa kucheka. Nikashika mikro: "Nani huyo?"

"Ni mie, mutu ya chai."

"Na nani alikupatia ruhusa ya kusema mu filimu yangu?"

"Huyu mwanamuke iko na mudomo," ukajibu. "Nilingoja useme. Ukakunywa maji."

"Muache aseme!" watu wakapiga makelele. "Professeur, muache mama aseme!"

Hapo ndipo nilianza kuangalia. Kweli, katika ile filimu wanawake wanapita tu. Wanapita na sinia, wanasimama dirishani, wanalia kwa mbali wakiwa wadogo kama kidole. Mimi nilikuwa ninawaruka wote, nikiwaza hapo ni nafasi ya kupumua. Weye uliwapa mdomo mmoja mmoja. Bibi ya Bwana Tai, anayesimama dirishani, ulimwacha asimame, kisha ukasema: "Huyu bwana akisema na simu anasimama wima. Akisema na mimi analala." Siku nyingine ulimpa lingine. Wamotari walikuwa wanarudi kuona filimu ile ile kila juma, si kwa ajili ya moto wa mwisho, ni kusikia leo mwanamke wa chai anasema nini. Mimi, jina langu mlangoni kwa rangi nyekundu, nikawa mtu wa kukufungulia njia. Nilikununulia mikro yako. Kisha, kwa kuwa sikutaka mikro ipotee, nikakuoa.

Uliniuliza siku ile ya ndoa, umeshika mkono wangu mbele ya mchungaji, ukininong'oneza, "Na hapa pia utakunywa maji?" Nilicheka kanisani. Mchungaji alinikazia macho mpaka leo hajayalegeza.

Na Papa yako. Ngoja niseme Papa yako.

Alitoka Tchomia kuja kuona mukwe wake ni mtu wa namna gani. Alileta makayabu, samaki ya chumvi, kifurushi kizima, harufu yake ilikaa katika nyumba yetu kama mtu wa ukoo. Alikuwa amevaa ile triko ya kijani, sweta ya sufu, kifungo kimoja cheupe katikati ya vyeusi, kwani cha kwanza kilipotea, na weye ulishona ulichopata. Nilimketisha mbele, kiti cha wakubwa. Kofia aliiweka juu ya magoti kama yuko kanisani.

Karta ilipofunguliwa alisimama. Alitembea mpaka kwenye televizio, akainama, pua karibu na kioo. Hakuna aliyethubutu kumwambia akae.

"Kwetu iko fasi gani hapa?"

Nikamwonyesha. "Hapa, muzee."

"Na nyumba zetu ya kukaushia samaki?"

"Iko chini ya kidole yake, muzee."

Alirudi akakaa. Akaangalia mpaka pale Bwana Tai na Muzungu wa Simu wanapotia sahihi kwenye mkataba, ile kontra yao, makamera yanawaka, wanacheka na meno yote. Papa yako akauliza, si mimi, aliuliza televizio: "Na samaki? Bamesema nini juu ya samaki?"

Watu wote wakanigeukia. Na mimi, Solange, mimi ninayeweza kumtolea maneno hata mbwa, nikatafuta kikombe changu cha maji. Kwenye picha mwanamke wa chai alikuwa anakusanya vikombe, macho chini. Weye ukasema kwenye mikro yako, kwa upole, kama mtu anayemwekea mzazi mto wa kichwa:

"Baba, samaki haiko mu kontra."

Watu walianza kucheka, kisha kicheko kikafia katikati. Papa yako alitikisa kichwa pole pole. "Nilijua," akasema.

Inje aliniuliza, "Mukwe, hii filimu yako ni ya kweli?"

"Ya kweli kabisa, muzee."

"Na mwisho yake inakuwa muzuri?"

Nikamwambia abaki, kesho tutaiweka tena mpaka mwisho, leo mashini ya umeme imemaliza mafuta. Alisema hapana, samaki haimungoji mutu. Alipanda nyuma ya pikipiki, triko imefungwa mpaka shingoni, na mkono wake mmoja ukatuaga bila kugeuka. Mwisho wa filimu hakuuona.

Watu wa matopeni, mapumziko kidogo. Kasereka, weka mawe chini ya gurudumu.

Ule mwisho, mara za kwanza, vijana wetu waliupigia makofi. Kofia ya manjano inawasha gati, meli inapasuka, na wao wanapiga miguu chini, "Aaah! Bapate!" Kijana mmoja alisema kwa sauti, wote tukasikia, "Hata mie ningeenda. Huyu banamupatia mukate kila siku." Hakuwa anacheka. Siye wote tulikuwa tunajua majirani ambao watoto wao walikwenda porini kushika bunduki, kwa hawa ao kwa wale. Na weye, wakati huo ulikuwa sauti ya mama ya yule wa kofia, amekaa mlangoni anachambua mchele, hukumjibu yule kijana. Ulimwambia mwana wako wa kwenye filimu: "Mukate ya bure, mwanangu, ndiyo iko bei mukali." Kesho yake kijana alirudi, akakaa karibu na sinia yako. Alirudi siku nyingi. Sijui leo yuko wapi, na sitaki mtu aniambie.

Kisha wakafika kwetu. Sitaandika yote, kila anayeshika karatasi hii iko na yake. Wenye silaha, wale wasiosema jina, walishuka kwenye vijiji vya juu ya ziwa wakati watu wako mashambani. Mama yako alifika Bunia kwa miguu na sufuria kichwani, tupu, aliibeba tu. Papa yako hakufika. Weye na Deo mulikwenda kumtafuta, na mulimjua kwa triko.

Matanga yalipokwisha nilikuambia upumzike. Ulinijibu, "Nikae nifanye nini? Tuangaliane na sufuria?" Ulichukua mikro yako ukaenda mbele yangu.

Ilikuwa ule mchana wa juma ambapo patron anawaruhusu wakimbizi wa ile kambi ya hema waingie bure. Sali ilijaa wanawake waliokimbia toka Djugu, na watoto mgongoni, na vitenge vyenye vumbi la barabara. Mimi nilitaka kuweka filimu ya ngumi. Weye ulisema, "Weka ile." Nikaiweka. Karta ikafunguliwa, ulinyamaza. Mkataba ukatiwa sahihi, mwanamke wa chai akakusanya vikombe, ulinyamaza. Nikawaza leo hukuja kusema, umekuja kukaa tu na watu.

Tukafika kwenye gati lililoungua. Unajua pale: moshi, vyuma, na mama ya yule kijana anakuja mbio, askari anamzuia kwa mikono yote miwili. Anasema kitu kwa lugha yake, hata Waingereza wenyewe nafikiri hawakuelewa. Siku zote mimi ndiye askari, na siku zote nilikuwa na mzaha pale, "Mama, rudia nyumbani, filimu ingine iko kesho," ili watu watoke wakicheka.

Weye ukashika mikro.

"Bwana," ukasema, "niko natafuta triko ya kijani. Ya sufu. Kifungo moja iko nyeupe, ni mie nilishona. Niache nipite. Nitaijua."

Wale wanawake walikuwa wamenyoosha shingo zote, kwa sababu kila mmoja alikuwa amepita kati ya watu waliolala akitafuta kitenge fulani, ao kiatu, ao mkanda. Kwenye picha askari alikuwa anapaza sauti, mishipa ya shingo imesimama, mkono wake unamsukuma mama. Ilikuwa zamu yangu. Ule mzaha ulikuwa tayari ulimini. Niliutazama ule uso wa askari, nikautazama mgongo wako.

Nikasema, "Pita, mama."

Mdomo wake ulikuwa unasema lingine, mikono yake inamsukuma, mtu yeyote mwenye macho aliona kwamba nimedanganya. Hakuna aliyelalamika. Mwanamke mmoja wa nyuma, mzee kuliko wote, ndiye alijibu, "Aksanti, mutoto." Filimu ikaisha. Walitoka bila makelele, na kabla ya kutoka walipanga benchi zetu, ukutani, vizuri, kama watu wanaoacha nyumba ya wenyewe.

Ile ndiyo mara ya mwisho tulisema filimu pamoja. Mama yako hakuweza kulala Bunia, kila pikipiki ikipita anaamka. Deo akasema muje Niania, kule porini barabarani kuko watu wa kila kabila na kila mtu anauza kitu. Uliniambia, "Nimupeleke, nitarudi mvua ikikata." Mvua ilikata, ikarudi, ikakata tena. Nasikia unakaanga mandazi kwa madereva, na kwamba Mama sasa anacheka kidogo. Kasereka aliniletea moja kwenye gazeti, ilikuwa ngumu kama kofia ya askari, kwa safari, si kwa mikono yako. Niliila yote. Gazeti nililiweka.

Na mimi? Hapa watu wananisalimia, "Professeur, madame iko anarudi lini?" Ninawaambia madame iko kwenye misyo, safari ya kazi. Ninasema hivyo mpaka kwa mama wa nyanya. Nikipika ninapika ya wawili, kisha nasema ni kwa ajili ya mgeni, na mgeni sijui ni nani. Juzi nilikuwa barabarani nikacheka peke yangu, nimekumbuka shemeji na mbuzi, nikageuka upande wa kushoto kukuambia. Kulikuwa motari mmoja tu, anangoja mteja. Akaniuliza, "Tuende?" Sikuwa na pahali pa kwenda. Nilipanda hata hivyo, tukafika mzunguko wa barabara, tukarudi.

Ulinipa swali fupi, nimekuzungusha kama Muzungu wa Simu. Jibu ni hili. Kama moyo wako umetulia kule, mwambie Deo akupe kiwanja, lakini apime cha watu wawili, na aache nafasi kando kwa kibanda kidogo. Madereva wakikwama nao wanahitaji filimu. Kama moyo wako uko Bunia, panda na Kasereka, atakuketisha mbele, nimemwambia. Sikuambii rudi, wala sikuambii baki. Papa yako aliniuliza kama mwisho unakuwa mzuri, nikamwambia angoje kesho. Sitaki kumwambia mtu tena angoje kesho. Unitumie neno, nami nitafungasha ao nitafagia.

Ila usichague kwa kufuata yale niliyoandika pale juu, mwanzoni.

Sine haijai. Watu wanaangalia filimu kwenye simu zao, kila mtu na kioo chake na waya masikioni, na patron ameweka mifuko ya saruji kutoka ukuta wa nyuma mpaka pale palipokuwa sinia yako. Televizio ni ile ile, mstari wa kijani umeongezeka. Siku uliponiita kwa simu, yale makelele ya publiki yalikuwa ya filimu. Niliipandisha sauti ili usikie watu. Msichana wa Butembo hayuko, na hakuwako. Ile filimu ya petroli niliiweka mara moja toka uende. Mwanamke wa chai akaingia, akafungua mdomo. Sikunywa maji. Nilingoja. Akaufunga, akatoka na vikombe vyake.

Bahati ile sina, Solange. Nilidanganya.

Ni mimi, bwana yako.